Mbolea ya Baba Mwantumu

Salehe Shekiondo aliulaza mfuko ubavu, akachukua kisu cha jikoni na kuanza kukata kitako chake kwa kuzunguka, polepole, kama mtu anayechuna mbuzi na hataki kuitoboa ngozi. Udongo haukumwagika. Ulikuwa umeshikana wote, umefungamana kwa nyuzi nyeupe nyembamba zilizopita humo huku na huku. Alipomaliza aliusimamisha mfuko ndani ya shimo alilolichimba ukingoni mwa ngazi ya juu ya shamba la mteremkoni, akafukia pembeni, akanyunyiza maji, akafunika kwa nyasi kavu.

Mpita njia angeona mfuko mweusi wa kawaida wenye mche wa bangi uliopauka majani. Hata jicho la serikali, lenzi ndogo mfano wa kifungo cha shati iliyofungwa kwenye kijiti, lisingeona zaidi ya hapo. Kazi yake ilikuwa kuhesabu maua ili yasiuzwe. Halikutumwa kutazama mizizi.

Alijua anachokifanya. Elifuraha Mbwambo, dada wa Kipare aliyeuza udongo mjini Lushoto, alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko, lakini siku alipomkabidhi mfuko ule hakucheka. Alimwambia udongo ule ukae ndani ya mfuko wake siku zote, usiguse ardhi.

Zaituni, mkewe, aliumia mwaka wa maporomoko. Mlima ulishuka na mvua, ukuta wa jiko ukamwangukia kiunoni. Miguu alibaki nayo, akajifunza tena kuivuta kwa magongo, lakini kuanzia siku ile moto ulikaa ndani ya mishipa yake na haukuzimika. Vidonge vya hospitali vilimlewesha na kumfunga tumbo, na moto ukabaki palepale. Kilichomsaidia kilikuwa mafuta ya bangi, yaliyokuwa yakitoka kiwanda kimoja cha serikali kule tambarare. Aliyatumia kwa miezi michache, akalala, akanenepa kidogo. Kisha kiwanda kikazidiwa na wagonjwa, kikafungwa, na badala yake ikaja ruhusa: kila kaya yenye mgonjwa ipewe mbegu moja kwa msimu, kadi moja na jicho moja, ijioteshee dawa yake yenyewe. Kumgawia mtu wa kaya nyingine ilikuwa kosa, na adhabu yake ni kunyang'anywa mmea.

Salehe alikuwa mwoka mikate. Unga aliujua, udongo hakuujua. Mbolea za viwandani zilikuwa zimepigwa marufuku milimani kote tangu chemchemi zilipoharibika, kwa hiyo kila mtu alilazimika kurudi kwenye samadi na mboji. Mche wa kwanza aliupanda katika udongo mwekundu wa ubavuni mwa nyumba. Ulipomwagiwa maji ukashika kama tofali na kuinyonga mizizi. Wa pili, msimu uliofuata, aliuwekea mavi ya kuku mabichi, akidhani ukali ndio nguvu. Ncha za majani ziliungua zikawa kahawia, na mche ukafa umesimama.

Elifuraha ndiye aliyemfundisha. Alimpa udongo mkononi akamwambia aufinye: ukishikana kisha ukavunjika kwa kuguswa na kidole, huo unafaa. Alimwonyesha mboji nyeusi isiyonuka chochote ila mvua, makapi ya mpunga yaliyochomwa yakawa mkaa ili mizizi ipate hewa, samadi ya mbuzi iliyolala hadi ikapoa, na kinyesi cha minyoo, laini kama kahawa iliyosagwa. Kwa majani, alisema, mmea unataka samadi. Ukianza maua unataka unga wa mifupa na mbolea ya popo, na majivu ya migomba kidogo sana. Na usiwe na haraka, kwa sababu udongo wa namna hiyo unaulisha wewe, kisha wenyewe ndio unaoulisha mmea, na huo mzunguko unataka msimu mzima kukomaa.

Salehe alimsikiliza mpaka hapo pa msimu mzima, akamfikiria Zaituni aliyekuwa akiuma kona ya shuka ili majirani wasisikie. Akauliza kama hakuna kilicho cha haraka.

Kilikuwapo. Kiliitwa udongo wa nyuzi. Wataalamu waliutengeneza ili kufufua milima iliyokwisha kuwa vipara. Ndani yake waliweka kuvu waliyoilea maabara, kuvu inayotandaza nyuzi zake ardhini, inatafuta chakula na kukileta kwenye mizizi, nayo inalipwa sukari na mmea. Mlimani ilifanya kazi vizuri. Ilipofika kwenye mashamba ya watu ndipo ilipoonekana kasoro yake: kuvu ile haikuwa na huruma, ilimpelekea chakula yule mwenye kulipa zaidi. Mmea mkubwa una sukari nyingi, basi hupewa, hukua, hulipa tena, hupewa tena. Tangu hapo iliuzwa mifukoni tu, na ndani ya mfuko haikuwa na madhara, wala haikuwa na maajabu makubwa.

Ndiyo maana Salehe alikata kitako.

*

Mche uliamka. Majani yalirudi kijani, yakapanuka yakawa makubwa kuliko kiganja cha Salehe, shina likanenepa. Maua yalipokuja yalikuwa mazito hata akayafungia vijiti. Alivuna kwa idhini ya jicho, akakausha darini, akachemsha mafuta kwa moto mdogo kama alivyoelekezwa na zahanati. Mbegu ile ilikuwa ya kuchipua, ukiivuna inaanza upya, na siku chache tu baadaye kisiki kilikwisha kutoa machipukizi.

Zaituni alilala. Asubuhi aliamka akaulizia chai kabla hajaulizia magongo, na Salehe akatoka nje, akajifanya anakwenda kuchota maji. Baada ya juma moja alikaa barazani akichambua maharage. Baada ya mengine kadhaa alianza tena kumkosoa mumewe juu ya chumvi ya mikate, jambo ambalo hakuwa na nguvu ya kulifanya tangu mwaka wa maporomoko. Salehe alikuwa anafurahi kukosolewa.

Ngazi ya chini ya shamba lile, chini ya ukuta wa mawe, ilikuwa ya Nasoro Kaoneka. Nasoro ndiye aliyekuwa mume wa kwanza wa Zaituni. Walinunua shamba hilo pamoja wakiwa vijana, na walipoachana waligawana, yeye akachukua chini na Zaituni juu, ili binti yao Mwantumu asiwe na safari ndefu kati ya mama na baba. Salehe alipooa alimkuta Nasoro hapo chini kama alivyoukuta ukuta. Waliamkiana, walizikana, walipelekeana futari. Hawakupendana, hawakuchukiana.

Mwaka ule Nasoro alipatikana na saratani ya mifupa. Mwantumu, aliyekuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye kazi yake Korogwe, aliacha kazi akarudi kumuuguza. Naye Nasoro akapewa mbegu moja, kadi moja na jicho moja.

Mche wake haukukua. Ulitoka vizuri, ukafika urefu wa goti, kisha ukasimama. Majani ya chini yakawa njano, yakafuata ya kati. Mwantumu aliwasimulia mama yake na baba yake mdogo, ndivyo alivyomwita Salehe, kuwa hata maharage ya baba yake yamepauka mwaka huu, na mboga ya maboga imekataa kutambaa. Zaituni alisema labda ni ukungu, umekuwa mwingi. Salehe alisema labda.

Siku moja Nasoro mwenyewe alipanda ngazi za mawe, akipumzika kila baada ya chache, akaja kumuomba Salehe ushauri. Alikuwa mtu mrefu aliyezoea kuwaangalia watu kutokea juu, na sasa mgongo ulikuwa umempinda. Alisema ameuona mmea wa huku, anaona Salehe amejaliwa mkono, amfundishe naye anavyochanganya udongo.

Salehe alimfundisha kila alichofundishwa na Elifuraha. Kufinya, mboji, makapi ya mpunga, samadi ya mbuzi iliyopoa, minyoo. Hakumdanganya hata neno moja. Alilibakiza moja tu, na alipokuwa akiongea alihisi jinsi maneno yote ya kweli yanavyoweza kulizunguka moja lililobaki na kulificha vizuri kuliko uongo.

Kuanzia hapo Mwantumu alianza kubeba. Alipanda hadi kwenye mazizi ya mbuzi ya kijiji cha jirani akarudi na ndoo kichwani, moja baada ya nyingine. Alinunua unga wa mifupa. Alilea minyoo kwenye beseni kuukuu, akiilisha maganda ya ndizi. Kila alichokileta alikifukia kwa mikono yake kuzunguka mche wa baba yake, na kila alipofukia, mmea wa juu uliongeza majani mapya. Mche wa Nasoro ulibaki njano.

Salehe aliyaona hayo kwa siku nyingi kabla hajashuka kwenda kuhakikisha kile alichokwisha kukijua. Alimkuta Nasoro amelala na Mwantumu amekwenda kisimani. Alipiga magoti kando ya ule mche, akafukua kwa vidole. Samadi ya juzi haikuwapo tena, ilikuwa imebaki makapi makavu. Na kati ya makapi, nyuzi nyeupe, nyingi kuliko zilizokuwa ndani ya mfuko, zimekwenda zote upande mmoja, kuelekea ukutani. Alizifuata kwa kidole mpaka zilipoingia kati ya mawe.

*

Alikwenda Lushoto kumuona Elifuraha, akamweleza. Elifuraha hakumkaripia, na hilo lilimuumiza Salehe zaidi. Alimuuliza mmea wa juu umefikia wapi, akaambiwa maua yameanza kufunga. Akamuuliza mafuta yaliyobaki nyumbani yatafika lini, akaambiwa hayafiki mavuno. Kisha akamweleza mambo mawili. La kwanza, nyuzi zikikatwa sasa, mche wa chini unaweza kupona, kama chakula kitakaa. La pili, mmea wa juu umezoea kuletewa, mizizi yake yenyewe imelala na haijui kutafuta. Ukikatiwa utaanguka, na maua machanga hayana dawa ya maana. Akiusubiri ukomae, mche wa chini utakuwa umekufa, na mbegu nyingine hutolewa msimu ujao. Neno hilo la msimu ujao alilisema taratibu, akitazama pembeni, kwa kuwa Salehe alikuwa amemsimulia juu ya mgongo wa Nasoro.

Njia nzima ya kurudi Salehe alitafuta mlango wa tatu. Alifikiria kugawana mafuta kwa siri. Lakini mavuno ya mmea mmoja yalimtosha mgonjwa mmoja kwa shida, na jicho lilijua kila ua lilikuwa na uzito gani.

Alimkuta Zaituni barazani, miguu ameinyoosha juani. Alikaa chini ya ngazi, mahali ambapo asingelazimika kumtazama usoni, akamwambia yote, tangu kisu mpaka nyuzi za ukutani. Alipokuwa akisema alitambua kwamba alitarajia kitu. Alimjua mkewe kuwa mtu wa haki kuliko yeye. Alitarajia amkasirikie, amwamrishe akate, ili yeye akate kwa kuamrishwa.

Zaituni alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Muuza udongo. Basi."

"Mwantumu hajui?"

"Hajui."

Alipitisha kiganja juu ya paja lake, kama anayempapasa mnyama asiyemwamini.

"Usikate," akasema.

Salehe aligeuka akamtazama.

"Umenisikia. Usinitazame hivyo. Wewe umelala na mimi kitanda kimoja miaka yote hii ukasikia ninavyougua, lakini kusikia siyo kuumwa. Mimi nilikuwa mtu mwema zamani, Salehe. Nilikuwa naweza kumpa mtu nguo niliyovaa. Ule moto umekula vitu vingi humu ndani, na wema huo umo. Usikate mpaka yaive."

"Na Nasoro?"

"Nimekujibu kuhusu mimi. Kuhusu Nasoro usiniulize."

Hakulia. Alichukua ungo wake wa maharage akaanza kuchambua, akawa anatupa mazima na kuacha mabovu.

Kesho yake Salehe alishuka. Hakujua kama anakwenda kukiri au kuomba ruhusa, na huenda vyote viwili. Nasoro alikuwa amekalishwa kitandani, mito mgongoni, na Mwantumu alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Salehe aliomba wazungumze wawili. Nasoro alisema binti abaki, kwa kuwa hakuna jambo lake siku hizi lisilopita mikononi mwa binti huyo. Basi Salehe akasema mbele ya wote wawili.

Mwantumu alikiweka kijiko ndani ya bakuli. Aliitazama mikono yake, kucha ambazo samadi haikutoka tena hata kwa sabuni, akainuka akatoka nje.

Nasoro alikuwa amefumba macho. Salehe alidhani amesinzia, lakini Nasoro akauliza, "Zaituni analala?"

"Analala."

"Sauti yake siisikii siku hizi. Nilikuwa naisikia kupitia ukuta. Nikasema labda Mungu amemjalia."

Salehe alisema anaweza kumletea nusu ya mafuta yakiwa tayari, liwalo na liwe kuhusu jicho. Nasoro alitikisa kichwa. Alisema nusu kwake na nusu kwa Zaituni ni watu wawili wasiolala. Akavuta pumzi, ikamchukua muda kuipata yote.

"Unataka nikwambie acha," akasema. "Nimekuona tangu ulipoingia. Unataka niseme mimi ni wa kufa tu, yeye ndiye wa kuishi, acheni mmea wake. Nimejaribu kulisema hilo sasa hivi nilipofumba macho. Halitoki. Na mimi naumwa, Salehe. Kata."

*

Alikata. Hakumwambia Zaituni kwamba anakwenda kukata, wala hakujificha. Alichimba mtaro chini ya ukuta kwa jembe, upana wa kutosha mguu, kutoka mpaka hadi mpaka. Nyuzi zilikatika kwa sauti ndogo mithili ya kitambaa kinachochanika, na ncha zake zikalia maji. Alisimamisha mabati ya zamani ndani ya mtaro, akamwaga chokaa pande zote mbili ili kuvu isipite tena, akafukia. Ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Mara moja aliinua kichwa akamwona Zaituni amesimama barazani kwa magongo yake, anamtazama. Alikaa hapo muda, akaingia ndani.

Mmea ulianza kulegea kesho yake. Majani yale makubwa yalijikunja, shina likainama mpaka vijiti vikawa ndivyo vinavyoushika. Salehe aliuchimbia mboji, akaupa maji ya minyoo, akaukinga na jua. Ulikuwa na chakula kila upande na haukujua kula. Alivuna maua machanga kabla hayajaoza, akachemsha, akapata mafuta ya rangi hafifu ambayo Zaituni aliyanywa bila neno na ambayo hayakumfaa chochote.

Moto ulirudi kama ulivyokuwa. Zaituni hakumlaumu mumewe. Hakumsemesha juu ya jambo hilo kabisa, na pale ilipombidi ageuzwe kitandani alimshika shingo kama zamani, kwa nguvu zote, akagandamiza paji lake kwenye bega la mumewe mpaka maumivu yapite. Mwantumu aliendelea kuja kumwogesha mama yake. Alimpita Salehe mlangoni bila kumwamkia. Hakumwita tena baba mdogo wala jina jingine lolote.

Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, Zaituni aliuliza kitu kimoja: mche wa chini ukoje. Mwanzoni Salehe alidhani ni uchungu unaomfanya aulize. Alishuka, akasimama ukingoni mwa ukuta, akatazama, akarudi kueleza. Bado njano. Bado. Kuna chipukizi kileleni, dogo. Leo chipukizi limekuwa kijani. Zaituni alisikiliza maelezo hayo amekaza taya, akitaka kujua upana wa jani, kama lina madoa, kama Mwantumu amepunguza samadi na kuanza unga wa mifupa, kwa sababu maua yakianza samadi nyingi haifai. Alikuwa ameyashika yote yale ambayo Salehe alimsimulia kuhusu udongo.

Salehe aliomba mbegu nyingine, akaambiwa angoje msimu. Kwa kungoja huko akaanza kuchanganya udongo wake, safari hii kwa njia ndefu, mboji na makapi na samadi, akiufunika kwa majani ya migomba na kuugeuza, ukipoa anaufinya mkononi. Ulikuwa bado unashikana mno.

Mche wa Nasoro uliweka maua yasiyo mengi. Mwantumu aliyavuna akayakausha, na Salehe, ambaye hakuitwa, aliuona moshi wa jiko lao ukikaa mdogomdogo mchana kutwa, akajua wanachemsha.

Siku chache baadaye, alasiri, Salehe alikuwa anamsugua Zaituni miguu. Ilikuwa siku mbaya, mbaya kuliko zilizotangulia, na jasho lilikuwa limemloanisha hadi kwenye mto. Ndipo iliposikika sauti kutoka chini ya ukuta. Ilikuwa ya Nasoro, imekwaruza, anaimba kasida, moja ya zile zinazoimbwa harusini, na katikati anasahau maneno anarudia mwanzo. Alikuwa hajaimba tangu augue. Mwantumu naye alisikika akimkumbusha mstari, kisha wakaimba wote wawili.

Salehe alisimamisha mikono yake. Akainuka ili alifunge dirisha, maana alifikiri mkewe asingeweza kuistahimili sauti ile.

"Liache," Zaituni alisema. Alikuwa ameuma meno na machozi yanamtoka pembeni mwa macho yakiingia masikioni. "Lifungue lote."

Akalifungua lote.